Nyutrino zauzwa soko gani?

Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani kwetu katika Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa kama ilivyo ada. Akatokea mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri mno katika somo la fizikia. Alitushika mikono wote, mmoja mmoja, kisha akatwambia kwamba amekusudia kwenda kusoma fizikia chuo kikuu. Hakusema udaktari, hakusema uhandisi, hakusema biashara. Fizikia tupu.

"Hiyo fizikia yahusu nini hasa, mwanangu?" akauliza mzee mmoja kwa upole.

Kijana akaeleza. Akasema ziko chembe ndogo kupita kiasi, ziitwazo nyutrino, ambazo hutoka katika jua na kupita miilini mwetu mchana na usiku, nasi hatuna habari. Hizo ndizo angependa kuzisoma. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakiweka kikombe chake chini, kisha akasema: "Vyema, mwanangu. Na hizo nyutrino zauzwa soko gani? Marikiti au Kongowea?"

Baraza zima likaangua kicheko. Kijana naye alicheka, lakini nilimwona uso umemwiva. Akajaribu mara ya mwisho, akalitaja jina la Abdus Salam, mtu wa Pakistani aliyepata Tuzo ya Nobel kwa elimu hiyo hiyo. Hapo mzee wa pili akamkata kauli: "Huyo si wetu. Huyo ni Kadiani." Mazungumzo yakahamia bei ya unga.

Nami nilinyamaza usiku ule, na kimya changu kimenikera tangu hapo. Ndugu msomaji, maswali mawili yaliulizwa mbele ya kijana yule. La kwanza, elimu kama hii yatufaa nini? La pili, huyo aliyeivumbua ni wetu? Yote mawili ni maswali ya haki, na kicheko si jawabu la lolote kati yake.

Tuanze na nyutrino yenyewe. Kila mwenye duka ajua hesabu ya jioni: kilichoingia na kilichotoka sharti vilingane. Visipolingana, ama kuna aliyeiba, ama kuna kitu hakikuandikwa. Katika miaka ya 1920 wanafizikia wa Ulaya walikuwa na daftari lisilolingana. Ziko atomu ambazo kiini chake hugeuka chenyewe kikawa kiini cha namna nyingine, na katika kugeuka huko kikatoa elektroni. Walipopima nishati iliyokuwapo kabla na ile iliyokuwapo baadaye, waliona kila mara pana upungufu, na upungufu wenyewe haukuwa wa kiasi kimoja. Niels Bohr, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wao, alifikia kusema kwamba pengine ndani ya atomu kanuni ya kulingana kwa hesabu haifuatwi.

Wolfgang Pauli hakukubali daftari lichanwe. Tarehe 4 Desemba 1930 aliwaandikia barua wenzake waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani, akapendekeza kwamba pamoja na elektroni hutoka chembe nyingine isiyoonekana, haina chaji ya umeme, na uzito wake ni kama hakuna. Hiyo ndiyo iendayo na upungufu. Enrico Fermi, Mtaliana, aliieneza kwa jina la nyutrino, maana yake kijichembe kisicho na chaji, na mwaka 1934 akatoa hesabu kamili ya jambo lile. Lakini kuiona kwa macho ya vyombo kulichukua miaka 26. Mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines waliinasa karibu na tanuri la nyuklia la Savannah River, South Carolina, Marekani.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Kwa sababu nyutrino haijali kitu. Utazame ukucha wa kidole chako cha gumba. Katika kila sekunde moja, nyutrino za jua kiasi cha bilioni 60 zapita hapo. Usiku, jua likiwa upande wa pili wa dunia, hizo nyutrino hupenya ardhi yote, miamba na maji yake, zikatutokea chini ya mikeka yetu. Mwanga hauwezi, joto haliwezi, lakini nyutrino yaweza, maana nguvu pekee iwezayo kuikamata, ukiondoa ule mvutano mdogo wa uzito, ni ile waiitayo nguvu dhaifu.

Jina hili la nguvu dhaifu lisitudanganye. Wanafizikia wahesabu nguvu nne za asili: uvutano uangushao nazi, nguvu ya umeme na sumaku, nguvu kali ifungayo kiini cha atomu, na hii dhaifu. Kazi yake ni kugeuza chembe moja ikawa nyingine. Ndani ya jua, ili moto uwake, protoni mbili sharti zikutane na moja yao igeuke nyutroni wakati ule ule. Kugeuza huko ni kazi ya nguvu dhaifu, na kwa vile ni dhaifu, hutokea kwa nadra mno. Ndiyo maana jua halikulipuka likaisha mara moja, bali lala kuni zake polepole, nalo limekwisha kuwaka zaidi ya miaka bilioni 4.

Basi mzee wangu aliyeuliza soko ajue kwamba jua analolitazama ili kujua Adhuhuri imeingia, jua linaloanika samaki na kukausha mbata, limedumu kwa sababu ya udhaifu wa nguvu hiyo. Marikiti yenyewe yafunguliwa kwa fadhila yake.

Sasa tuje kwa huyo Salam. Alizaliwa Januari 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa Punjab, baba yake akiwa mtumishi wa idara ya elimu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alivunja rekodi ya mtihani wa kuingilia chuo katika Punjab nzima. Akaenda Cambridge, akafaulu hesabu na fizikia kwa daraja la juu, kisha mwaka 1951 akarejea kwao Lahore kufundisha. Huko aliambiwa asahau habari za utafiti. Mwenyewe alisimulia kwamba alipewa hiari ya kazi tatu za ziada: kuwa msimamizi wa bweni, kuwa mtunza hesabu, au kuwa mkubwa wa timu ya kandanda. Akachagua kandanda. Mwaka 1954 alirudi Cambridge. Hakuwa na vitabu vipya wala mwenzake wa kuzungumza naye, na mwanachuoni asiye na mwenziwe ni kama nahodha aliyetiwa nanga jangwani.

Mwaka 1956 alihudhuria mkutano Seattle, Marekani. Huko Chen Ning Yang alieleza shaka yake na ya mwenzake Tsung-Dao Lee kwamba huenda nguvu dhaifu haitendi haki sawa kwa kulia na kushoto. Usiku ule, katika ndege ya jeshi iliyokuwa ikimrudisha London, Salam hakulala. Alikumbuka swali ambalo Rudolf Peierls alimuuliza siku ya kutahiniwa shahada yake: kwa nini nyutrino haina uzito? Akaona kwamba majibu yaweza kuwa jambo moja. Kila chembe ya namna hii huzunguka kama pia huku ikienda mbele. Nyosha gumba la mkono wa kushoto kuelekea iendako nyutrino, na vidole vingine vikunje: hivyo ndivyo izungukavyo, daima. Hakuna nyutrino ya mkono wa kulia katika kazi za nguvu dhaifu. Nyutrino ni mashoto.

Salam akampelekea Peierls hoja yake. Peierls akasema haamini. Akaipeleka Zürich kwa Pauli, yule yule baba wa nyutrino. Salamu zilizorudi zilikuwa kwamba rafiki yake Salam afikirie jambo lililo bora kuliko hilo. Mapema mwaka 1957 mwanamke mmoja Mchina aliyekuwa Marekani, Chien-Shiung Wu, pamoja na wenzake, alitangaza matokeo ya kupima kobalti iliyopozwa kwa baridi kali, na ikadhihirika kwamba asili kweli yapendelea upande mmoja. Pauli akamwandikia Salam barua ya kutaka radhi. Wakati huo wengine pia, kama Lev Landau wa Urusi na hao hao Lee na Yang, walikuwa wamelifikia wazo la nyutrino mashoto kwa njia zao.

Wazee wangu, msinielewe vibaya. Pauli hakuwa mjinga, alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa zama zake. Lakini hata mjuzi mkubwa aweza kumcheka kijana kwa jambo ambalo kijana amelipata. Ikiwa hayo yalimpata Pauli katika fani yake mwenyewe, itakuwaje sisi wa barazani ambao fani si yetu?

Kazi kubwa ya Salam ilifuata. Kwa miaka mingi alishughulishwa na swali moja: je, nguvu dhaifu na nguvu ya umeme si kitu kimoja chenye nyuso mbili? Sheldon Glashow aliweka msingi mwaka 1961. Steven Weinberg mwaka 1967 na Salam mwaka 1968, kila mmoja peke yake, walikamilisha jengo. Walisema kwamba katika joto kali la mwanzo wa ulimwengu nguvu hizi zilikuwa moja, kisha ulimwengu ulipopoa zikaachana, kama vile mvuke upoao ukatoa maji na barafu, sura mbalimbali za kitu kimoja. Hesabu yao ilitabiri jambo jipya: nyutrino yaweza kugonga chembe nyingine na bado ikabaki nyutrino, bila kugeuka. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Mwaka 1973, katika chombo kiitwacho Gargamelle, kwenye maabara ya CERN iliyoko Geneva, lilionekana. Mwaka 1979 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka 1983 zikapatikana huko huko CERN zile chembe nzito za W na Z walizozitabiri kuwa ndizo zinazochukua nguvu hiyo.

Siku ya tuzo mjini Stockholm, Salam alivaa kanzu ya kwao na kilemba, na katika karamu akasoma aya za Suratul Mulk zinazomtaka mwanadamu arudie kutazama uumbaji kama ataona kasoro. Wengi walifurahi, wakasema: tazama, fizikia imethibitisha Tauhidi. Mimi naomba tuwe waangalifu hapo. Weinberg hakuwa mtu wa dini yoyote, na hakuficha hilo. Salam alikuwa mtu wa sala. Mizani ikawapa wote wawili jawabu moja. Imani ndiyo iliyompa Salam hamu ya kutafuta umoja. Haikumpunguzia kazi ya kuupigia hesabu. Mtu asimwambie kijana wetu kwamba kila kitu kimekwisha patikana, kilichobaki ni kungoja wazungu wavumbue kisha sisi tutafute aya yake. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Sasa swali la pili, lililo zito zaidi. Salam alikuwa wa Ahmadiyya. Mwaka 1974 katiba ya Pakistani ilibadilishwa ikatamka kwamba watu wa jamaa hiyo si Waislamu. Salam akajiuzulu ushauri wa sayansi aliokuwa nao serikalini, lakini uraia wa nchi yake hakuuacha mpaka kufa. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah. Jiwe la kaburi lake liliandikwa kwamba alikuwa Muislamu wa kwanza kupata Nobel kwa kazi ya fizikia. Baadaye neno moja lilifutwa katika jiwe lile. Neno lenyewe ni Muislamu.

Sisi watu wa Pwani mzozo huu hatukuusikia kwa mbali. Mwaka 1953 jamaa wa Ahmadiyya walichapisha tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili, na masheikh wetu waliikataa vikali. Mimi si sheikh, na katika ukurasa huu simhukumu mtu kwa itikadi wala simwombi msomaji abadili yake hata kidogo. Lakini natazama walivyofanya waliotutangulia. Marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy alikaa chini na kalamu kwa miaka, akatafsiri mwenyewe, na mwaka 1969 kitabu chake kikatoka kikamilifu. Alijibu kitabu kwa kitabu. Yeyote aonaye kwamba haifai tuzo kubwa ya fizikia kupewa mtu asiyemridhia, njia ni hiyo hiyo: tutoe wetu. Kulifuta jina jiweni hakumtoi mtu mwingine darasani.

Tena, nyutrino haina madhehebu. Aljebra ilitoka Baghdad kwa Al-Khwarizmi, na leo yafundishwa Roma bila mtu kuuliza aliyeileta aliswali wapi. Manahodha wetu walisafiri kwa nyota, na majina na hesabu za nyota hizo yalipita kwa Wayunani, Wahindi na Waajemi kabla ya kutufikia. Hakuna aliyekataa kufika salama kwa sababu hiyo.

Hata huyo Salam hatumsomi kama mtu asiyekosa. Wazo lake la mwaka 1956 lilisimama juu ya kwamba nyutrino haina uzito kabisa. Hilo leo twajua si kweli. Raymond Davis alishuka mita 1,500 chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani, akaweka tangi la lita 380,000 la dawa itumiwayo na madobi wafuao nguo bila maji, akahesabu nyutrino za jua. Mtaka cha mvunguni huinama: alitaka kuona kiini cha jua, akaingia shimoni. Alipata thuluthi tu ya zilizotarajiwa, na kwa miaka 30 ikaonekana pana kosa. Kosa halikuwa lake. Nyutrino ziko za namna tatu, nazo hubadilika njiani kutoka namna moja hadi nyingine, na haziwezi kubadilika hivyo zikiwa hazina uzito. Chombo cha Super-Kamiokande cha Japani kilionyesha mabadiliko hayo mwaka 1998, na kile cha Sudbury, Kanada, kikamaliza shaka mwaka 2001 na 2002.

Kadhalika Salam na Jogesh Pati, Mhindi, walisema katika miaka ya 1970 kwamba protoni nayo yapaswa siku moja kuvunjika. Wajapani wakajenga tangi la maji la Kamiokande katika mgodi wa Kamioka ili waone protoni ikivunjika. Hawakuona, na mpaka leo hajaona mtu. Lakini Februari 1987 nyota kubwa ilipopasuka mbali sana, tangi lile lilinasa nyutrino 11 kutoka kwake. Alichokitabiri mtu hakikupatikana, kikapatikana kingine chenye kheri. Hiyo ndiyo elimu.

Na hapa nawaletea wazee wangu habari ya nyumbani. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2002 iligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja walipewa Davis wa mgodi na Masatoshi Koshiba wa lile tangi la Japani, kwa ajili ya nyutrino. Nusu ya pili alipewa Riccardo Giacconi kwa kuzisoma nyota kwa miali ya eksirei. Chombo kikuu cha kazi yake kilikuwa setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa hapa, upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Jamhuri, iliitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Bahari ilikuwa yetu, siku ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu. Katika majina ya waliopewa tuzo, mtoto wa Pwani hayumo. Hilo ndilo liniumizalo mimi, wala si dhehebu la mtu wa Jhang.

Salam alilijua donda hili kwa kuwa lilimpata Lahore. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, ili mtu wa nchi maskini aweze kwenda kukaa na wajuzi miezi kadhaa, kisha arejee kwao kufundisha, bila kulazimika kuhama kama alivyohama yeye. Tangu 1997 kituo hicho chaitwa kwa jina lake. Na tangu mwaka 2018 kipo kituo ndugu Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kifundishacho vijana wa Afrika shahada za juu. Kigali si Cambridge. Ni safari ya basi.

Basi rai yangu ni hii. Kijana mwenye akili ya fizikia tusimlazimishe forodhani kwa sababu tu huko mshahara waonekana upesi. Misikiti yetu ina wakfu za visima na za taa. Na iwepo pia ya mwanafunzi mmoja, hata mmoja kwa mwaka, asomaye elimu isiyo na soko. Na walimu wa madrasa na wa skuli wasimvute mtoto huku na huku kama kwamba kila mmoja amnyang'anya mwenziwe.

Ijumaa nilimwita mpwa wangu nikamwambia ajaze fomu zake za chuo, nami nitachangia nauli na vitabu kadiri ya uwezo. Usiku nikaenda barazani, nikamwambia mzee wangu kwamba nimelipata jawabu lake: nyutrino hazina soko. Zatolewa bure kila siku, kwa kila mtu, Marikiti na Kongowea na hapa tulipokaa. Aliyetindikiwa ni mtu wa kuzisoma.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo kijana aondoka lini?" Nikamwambia. Akasema atakuja kumsomea dua.